Taya Zisizogusana

Ukikiona juu ya meza ya vifaa, chombo cha kuzibia mishipa ya damu hakina mbwembwe. Kina mpini wa plastiki unaojaa kiganjani, bomba jembamba la milimita 5 lenye urefu wa sentimita 37 hivi, na kwenye ncha ya bomba taya mbili fupi za chuma. Waya unatoka nyuma ya mpini hadi kwenye mashine ya umeme iliyo kando ya kitanda cha upasuaji. Daktari hubana mshipa wa damu kwa taya hizo, huuziba kwa joto la umeme, kisha huukata katikati ya pale palipozibwa. Hatumii uzi wala klipu. Mshipa wenye kipenyo cha hadi milimita 7 huzibwa hivi kwa sekunde chache, na ukizibwa vizuri huhimili shinikizo la damu mara tatu ya lile la kawaida.

Ninachokistahi zaidi katika chombo hiki ni mwanya. Taya zikishafungwa hadi mwisho, bado hazigusani: kati yake hubaki nafasi ya takriban milimita 0.03 hadi 0.15. Sehemu nyingi za chombo, kuanzia springi hadi umbo la taya, zimewekwa ili nafasi hiyo isipungue wala isizidi.

Sababu ni kwamba taya zote mbili ni njia za umeme. Umeme unatakiwa utoke taya moja uingie nyingine kwa kupita ndani ya mshipa uliobanwa. Taya zikigusana, umeme hukimbilia chuma kwa chuma na mshipa hubaki mbichi. Zikiachana mno, kuta mbili za mshipa hazishikani, na damu itapata pa kupenya. Kwa hiyo mtengenezaji huweka vinundu vidogo sana vya kauri, au vya kitu kingine kisichopitisha umeme, juu ya uso wa taya, viizuie isishuke zaidi ya hapo. Mtu asiyeambiwa anaweza kushika taya hizo mkononi asivione.

Mafundi wa tiba wamehangaika na damu tangu zamani. Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Cordoba, aliyeandika mnamo mwaka 1000 hivi na kuchora vyombo vyake kimoja kimoja, alieleza vyuma vya kuchomea kwa moto na pia namna ya kufunga ateri kwa uzi. Njia hizo mbili, moto na uzi, ziliendelea kwa karne nyingi. Mwaka 1891 Mfaransa Arsène d'Arsonval alionyesha kwamba umeme unaogeuka mwelekeo kwa kasi kubwa hupita mwilini bila kushtua misuli. Tarehe 1 Oktoba 1926, katika hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston, Harvey Cushing alitumia mashine ya umeme ya William Bovie, mwanasayansi aliyeanzia kwenye elimu ya mimea, kuondoa uvimbe wenye mishipa mingi kichwani mwa mgonjwa. Siku chache kabla ya hapo alilazimika kuacha upasuaji huohuo kwa sababu ya damu.

Kifaa cha Bovie kilikuwa na ncha moja. Umeme uliingia mwilini kwa ncha hiyo na kutoka kupitia bamba lililowekwa chini ya mgonjwa. Baadaye James Greenwood, na baada yake Leonard Malis, wote Wamarekani, wakaleta koleo ambalo ncha zake mbili hupokezana umeme, ukabaki mahali padogo. Hata hivyo mshipa mkubwa uliendelea kufungwa kwa uzi, kwa kuwa kuchoma huacha gaga tu, na gaga hubanduka. Hatua iliyofuata ilionekana mwaka 1998, kampuni ya Valleylab ya Boulder, Colorado, ilipotoa LigaSure, chombo cha aina ninayoieleza hapa.

Tofauti yake ilikuwa kwamba ukuta wa mshipa wenyewe ndio unaofanywa kizibo. Ukuta huo umejaa nyuzi za kolajeni na elastini. Ukitiwa joto la kadiri huku umebanwa, nyuzi hizo huachana na umbo lake la asili, zikachanganyika na za ukuta wa pili, kisha zikashikana zikipoa. Ute wa yai unapogeuka mweupe kwenye kikaango hupitia badiliko la jamii hiyohiyo. Joto likizidi, nyama inakuwa mkaa, na mkaa haushiki kitu. Ndiyo maana mashine hutoa mkondo mwingi kwa volti ndogo, ili pasiruke cheche, na hupima ukinzani wa nyama mara maelfu kwa sekunde. Maji yanapogeuka mvuke na kutoka, ukinzani hupanda. Mashine husoma badiliko hilo, hupunguza umeme, huukata, husubiri kidogo nyuzi zipoe zikiwa bado zimebanwa, ndipo hupiga mlio kumwambia daktari kuwa tayari.

Lakini mashine haiwezi kubana. Kubana ni kazi ya mkono, na mikono haifanani. Daktari mmoja hukaza kwa nguvu asubuhi, akalegea saa nane mchana baada ya wagonjwa watatu. Hapa ndipo ufundi wa mpini unaponivutia mno. Ndani yake mna springi iliyo kati ya kidole na fimbo inayovuta taya. Daktari akikaza kupita kiasi, springi humeza ziada ile. Akifikisha kiasi kinachotakiwa, mpini hujifunga kwenye komeo lake, naye anaweza kulegeza vidole bila taya kulegea. Kinachofika kwenye mshipa ni shinikizo alilolipanga mbunifu tangu mwanzo, hata mkono uwe wa nani.

Kuna shida nyingine ambayo yeyote aliyewahi kutumia mkasi anaijua: taya zenye ekseli upande mmoja hubana zaidi karibu na ekseli kuliko kwenye ncha. Mshipa uliolala kwenye ncha ungezibwa vibaya. Katika baadhi ya miundo, taya hupewa mpindo mdogo ili ncha zitangulie kukutana, kisha shinikizo linapoongezeka sehemu za nyuma nazo zifuate, hadi uso wote ubane sawasawa. Mpindo huo hauonekani taya zikishafungwa.

Halafu kuna kisu. Hakitumii umeme hata kidogo. Ni wembe mwembamba unaoteleza kwenye mfereji uliochongwa katikati ya taya, ukaacha ukanda uliozibwa kulia na kushoto. Kwa kuwa taya nyingi zimepinda, ili daktari aone ncha na aweze kuzunguka nyuma ya mshipa, wembe lazima ukunjike kufuata mpindo huo na bado ukate vizuri. Kifyatulio chake huzuiwa kisisogee mpaka taya zifungwe. Na yote haya, fimbo ya taya, ukanda wa wembe na nyaya za umeme, hupita ndani ya lile bomba la milimita 5 linalotakiwa pia kuzunguka kwa kidole. Gurudumu la kuzungushia huwekewa kikomo, nyaya zisije zikajisokota.

Mipaka ipo, na mtumiaji mzuri huijua. Klipu ya chuma ikinaswa katikati ya taya, umeme utapita humo. Mshipa uliokakamaa kwa chokaa hauzibiki vyema. Nyama ikivutwa wakati wa kuzibwa, kizibo hukonda. Mgongo wa taya hufunikwa kwa kitu kisichopitisha joto haraka, lakini joto bado husambaa milimita moja au mbili pembeni, na karibu na neva ya sauti shingoni umbali huo ni mkubwa. Kwa hiyo kufunga fundo kwa uzi bado ni ujuzi ambao hakuna daktari wa upasuaji anayeruhusiwa kuukosa.

Mahali ambapo kazi haijaisha ni kwenye mpini wenyewe. Utafiti uliofanywa kwa madaktari wa upasuaji wa matundu madogo ulionyesha kwamba wanaovaa glavu namba 6.5 kushuka chini hupata taabu zaidi na vyombo vya aina hii, na wengi wa hao ni wanawake. Springi inaweza kumeza nguvu iliyozidi, lakini haiwezi kurefusha kidole kisichofika kwenye kifyatulio. Kusogeza kifyatulio milimita chache kuelekea kiganjani kunamaanisha kupanga upya komeo, springi na njia ya wembe, kwa sababu vyote vinategemeana ndani ya ganda moja dogo la plastiki, na mwanya wa taya lazima ubaki uleule.