Mchumia Juani

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Tangu nilipokaa Nambilanje, wilayani Ruangwa, methali hii imekuwa ikinisumbua. Kijana mmoja wa pale alikuwa amewachimbia watafiti wa mambo ya kale kwa misimu mitatu. Alijua kufunga kamba za miraba, kuchekecha udongo, kutambua kigae cha chungu na kukiacha mahali pake mpaka kipimwe. Nikamwuliza ana cheti gani. Akacheka. "Mwalimu, karatasi pekee niliyoiona ni ya kutia sahihi posho."

Jambo hili si geni mkoani Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kule Tendaguru. Najua dinosaria si akiolojia, lakini kazi ya shimo ni ile ile: jicho, mkono na subira. Mamia ya watu wetu walichimba, wakabeba mifupa vichwani hadi bandari ya Lindi, na leo mmoja wa wanyama hao amesimama Berlin, akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Msimamizi na fundi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Ujuzi wake aliupata humo humo kazini.

Mwaka 1924 Waingereza nao wakaja Tendaguru. Miongoni mwao alikuwamo Louis Leakey, mwanafunzi wa Cambridge ambaye bado hakuwa na shahada. Naye alijifunza kuchimba pale pale. Kwake shimo lile likawa ngazi ya kwanza. Kwa wachimbaji wetu likabaki shimo.

Mwaka 2007 mnyama mmoja wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii, kwa kumkumbuka Boheti. Ni heshima ya haki, naipongeza. Hata hivyo, jina la kaburini halimpandishi mtu cheo.

Watakaonipinga watasema sayansi inahitaji shule. Kweli. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia tangu miaka ya 1980, na wahitimu wake wametujengea heshima. Lakini mlango ule haumfai aliyeishia darasa la saba. Tumtazame Kamoya Kimeu wa Kenya, aliyeanza kama kibarua wa akina Leakey: mwaka 1977 alikabidhiwa usimamizi wa maeneo ya kale ya Makumbusho ya Taifa ya nchi yake. Waliomwajiri walikubali kwamba jicho lake lilikuwa elimu.

Kwa hiyo lawama yangu ni hii: tunatoa vibali vya kuchimba ardhi bila kudai ngazi kwa anayeichimba. Mtafiti aandike katika daftari la kibarua kile alichokijua kila msimu, atie sahihi, na daftari hilo lihesabiwe anapoomba kazi au mafunzo. Gharama yake ni kalamu na dakika chache.

Kijana wangu sasa analima ufuta. Bado anajua kutambua kigae.