Rosa Mistika na Nyumba Isiyokuwapo: Uhuru wa Mwanachuo kwa Mizani ya Kigusii

Katika uhakiki wa Rosa Mistika (1971), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, ni jambo la kawaida kumtwika Zakaria lawama za maangamizi ya bintiye. Lawama hizo zina msingi. Baba anayempiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana hamfundishi kuchagua, anamfundisha kuogopa. Rosa anapotoka Ukerewe kwenda shuleni na hatimaye chuoni, hofu hiyo inabaki nyumbani pamoja na baba. Lakini hoja ikiishia hapo huacha swali kubwa: je, ni wapi Rosa angejizoeza uhuru kabla ya kuupata wote kwa mara moja?

Desturi ya Abagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira, yaweza kulitia swali hilo nuru. Kijana aliyetahiriwa aliacha kuitwa omoisia akawa omomura, na badiliko la jina lilifuatana na badiliko la malazi: alihamia esaiga, nyumba ya vijana wasiooa, katika boma la baba yake. Chakula alikipata kwa mama; ng'ombe wa mahari na shamba alivitazamia kwa baba. Hata hivyo alikuwa na mlango wake. Tena kanuni za chinsoni, yaani staha baina ya mzazi na mwana, zilimfunga baba pia: hakuruhusiwa kuingia nyumba ya mwanawe aliyeoa. Uhuru, basi, haukuwa kumkimbia mzazi, bali umbali uliopimwa ambao mzazi mwenyewe aliukubali.

Mizani hiyo ina upande mmoja mwepesi. Binti, omoiseke, hakujengewa esaiga. Nyumba iliyotazamiwa kuwa yake ilikuwa katika boma la mume. Kwa hiyo hakuwa mbali na Rosa: wote wawili walitazamiwa kutoka mikononi mwa baba na kuingia mikononi mwa mume, pasipo kituo cha katikati.

Hapo ndipo palipo udhaifu wa riwaya. Kezilahabi anamshutumu Zakaria, lakini msuko unaomfikisha Rosa kwenye kujiua unampa Zakaria ushahidi kwamba binti asiyechungwa huangamia. Baina ya fimbo na maangamizi, Rosa habuniwi njia ya tatu.

Neno kujitegemea, lililoenea tangu Azimio la Arusha la 1967, lilinenwa zaidi juu ya taifa kuliko juu ya binti. Chuo cha ualimu kilichoanzishwa Kisii mwaka 1965 kilikua hata kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Msichana anayesoma hapo na kupanga chumba mjini ana mlango wake, ingawa kodi yaweza kutoka kwa mzazi aliyeuza majani ya chai au ndizi. Hajamtoroka mzazi, wala hachungwi naye. Mhusika wa namna hiyo anastahili riwaya yake katika Kiswahili, na mhakiki anayemfundisha Rosa darasani hana budi kumweka kando yake.