Hongera, watu wa afya wa Tanga

Ukitoka mjini Tanga kwenda Raskazone, njia inakupitisha karibu na Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Kila nipitapo hapo nakumbuka Machi 2020.

Tarehe 13 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, nasi Tanga ni majirani, mpaka wetu ni Horohoro. Tarehe 16 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza Tanzania: msafiri aliyetoka Ubelgiji na kushukia uwanja wa Kilimanjaro siku moja kabla. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafunga shule kwa siku 30. Namba 199 ikawa ya kupiga bure kuuliza na kutoa taarifa.

Lakini amri haioshi mikono ya mtu. Waliofanya kazi hiyo ni maafisa afya, wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Nawakumbuka kwa ndoo ya koki juu ya stuli, beseni chini, sabuni ya maji pembeni; na ile sauti ya upole: “Mama, sugua na katikati ya vidole. Shikamoo ya mdomo inatosha, mkono tuuache kwanza.”

Walisimama mbele wakati ugonjwa wenyewe haujafahamika vizuri. Hongereni sana. Nasi tuwaenzi kwa vitendo: ndoo zile zisikauke maji.