Picha ya Mstari na Mti wa Ukoo

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kuiona picha hii, katika vitabu vya shule na hata katika fulana za vijana. Mwanzo wa mstari yuko mnyama mfano wa sokwe. Mbele yake mwingine aliyeinuka zaidi. Na hivyo hivyo hata mwisho, ambapo yuko mtu aendaye wima kama sisi. Hatuandiki leo ili kuigombeza elimu ya mifupa ya kale. Twaandika kuipima picha, kwa kuwa imefanya kazi ya ualimu pasipo kujaribiwa.

Mzazi mmoja alitujia akauliza, "Mwalimu, ni kweli mwawafundisha watoto wetu ya kuwa nyani ni babu yao?" Tulipomwuliza ameyapata wapi hayo, alitoa daftari la mwanawe. Ndani yake mlikuwa na picha ile, imenakiliwa vizuri. Tulikosa la kumjibu, maana picha ilisema vivyo hivyo, na sisi wenyewe ndio tulioichora ubaoni.

Picha hiyo ilichorwa na Rudolph Zallinger kwa ajili ya kitabu cha F. Clark Howell kiitwacho Early Man, kilichopigwa chapa Marekani mwaka 1965. Yatupasa kusema haki: maneno ya kitabu yana busara kuliko mchoro. Yaeleza kwamba baadhi ya viumbe wale 15 walikuwa matawi yaliyokufa pasipo kizazi, na kwamba sokwe wa kale hawakwenda wima, ila wamesimamishwa ili walinganishwe na wengine. Lakini ni nani asomaye maneno madogo akiisha kuona picha kubwa?

Kosa la kwanza ni mstari wenyewe, usemao ya kuwa huyu alimzaa huyu, na mmoja alipoondoka ndipo mwingine akaingia. Mifupa iliyogeuka mawe yasema mengine. Huko Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana katika nchi ya Kenya, lilipatikana mwaka 1969 fuvu la kiumbe wa jamii yenye taya nzito na ubongo mdogo. Mwaka 1975 Bernard Ngeneo akaona huko fuvu la Homo erectus, mwenye ubongo mkubwa zaidi. Nao wawili walikuwa wa zamani moja. Basi walikuwa majirani, si baba na mwana. Tena mwaka 2024 zilitangazwa nyayo za huko huko, za miaka milioni 1 na nusu, ambazo jamii mbili zilikanyaga tope moja kwa kupishana saa au siku chache tu.

Kosa la pili: wote waliochorwa ni wanaume. Ukoo gani huo usio na mama?

Kosa la tatu ndilo baya kupita yote. Mstari hulizoeza jicho kuona ya kuwa aliye mbele ni bora na aliye nyuma ni duni. Mtoto akizoea hivyo, atawapanga na watu walio hai; nasi twajua ni nani waliopangwa nyuma zamani. Mifupa yakataa. Watu wote wa leo ni Homo sapiens, namna moja tu, na mabaki yao ya kale kabisa yametoka Afrika: yale ya Jebel Irhoud, nchi ya Moroko, ni ya miaka ipatayo 300,000.

Mzazi yule tulimwita tena, tukamchorea mti wenye matawi mengi, mengi yao yamekauka. Tawi moja bichi la sokwe, na jingine letu, na chini yake shina moja. Nyani tulimweka mbali, katika tawi lake. Akatazama sana, akasema, "Kumbe huyu si babu, ni mtu wa mlango mwingine." Hakusema kwamba ameyakubali yote, wala hatukumdai hivyo. Lakini sasa, akibisha, atabishana na mifupa yenyewe.

Waalimu wenzetu, futeni mstari, choreni mti.