Supamaketi ikikuja Boyoma, itatulipa siku gani?

Bandugu, juma lililopita mmoja wetu aliweka hapa picha ya supamaketi ya Kampala: rafu ndefu, taa nyeupe, nanasi na nyanya zimepangwa kama askari wa gwaride. Chini yake akaandika: «Na sisi Kisangani, yetu itakuja siku gani?» Batu mingi wakaweka mioyo. Mimi sikuweka kitu. Sipendi matope ya soko kuliko ninyi, na mimi pia nimesha nunua mafuta ya mawese ndani ya chupa isiyojulikana ilikuwa na nini jana. Lakini nilibaki na swali moja, na leo nataka kuliandika vizuri.

Mteja anaangalia rafu. Agronomi inabidi aangalie fakture. Supamaketi kubwa ya kimataifa inauza kwa pesa ya papo hapo: unafika ku kesi, unalipa, unatoka. Lakini yule aliyeleta nyanya anaambiwa angoje siku 30, siku 60, wakati mwingine 90. Katikati ya siku hizo pesa ya nyanya iko inafanya kazi ya mwingine: inalipa kodi ya jengo, inafungua tawi jipya mji mwingine. Yaani mkulima njo anakopesha duka, bila riba, na hakuna mtu alimuuliza kama anakubali.

Mambo yakienda vizuri, hakuna anayeona. Yakiharibika, tuangalie Nakumatt.

Nakumatt ilianza kama duka la magodoro kule Nakuru, na jina lake linatoka pale. Ikakua mpaka kuwa na matawi zaidi ya 60 ndani ya Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Tembo wake alikuwa alama ya maendeleo. Mji usio na Nakumatt ulijiona kijiji. Halafu 2017 rafu zikaanza kubaki wazi, kwa sababu walioleta bidhaa walichoka kuleta bila kulipwa. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi wa mahakama. Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe kabisa. Madeni yalipita shilingi bilioni 30 za Kenya. Benki zilikuwa na wanasheria. Mtu aliyeleta maziwa na mboga alikuwa na karatasi tu mkononi.

Mtasema hiyo ni duka moja lililoongozwa vibaya. Uchumi, iliyoundwa 1975 ili raia apate bidhaa za lazima kwa bei ya haki, ilifunga milango 2006, ikafufuliwa, kisha 2015 ikaondoka Uganda na Tanzania. Shoprite ya Afrika Kusini ilifungua Kinshasa 2012. Leo haiko tena Kongo, na Kenya pia iliondoka kisha miaka kama miwili tu. Kwa kampuni, kuondoka ni mstari ndani ya ripoti ya mwaka. Kwa mwenye shamba aliyepanda hekta mbili za pilipili juu ya ahadi yao, ni msimu umekufa.

Lakini mfano unaonifundisha zaidi ni wa duka ambalo halikuanguka. Carrefour ya Kenya inaendeshwa na Majid Al Futtaim, kampuni ya Dubai, na iko na nguvu. Kampuni ndogo ya yogati, Orchards, ilienda kulalamika mbele ya Mamlaka ya Ushindani ya Kenya: kupunguziwa bei kwa lazima, kulipia nafasi ili bidhaa iingie dukani, kutoa wafanyakazi wake wafanye kazi ya duka. Mwaka 2020 mamlaka ikasema huo ni matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi. Carrefour ikakata rufaa, na 2021 baraza la ushindani likaunga mkono uamuzi. Desemba 2023 mamlaka ikatoza tena faini ya shilingi bilioni 1.1, safari hii kwa malalamiko ya muuza asali na mtengeneza mafuta ya kupikia. Musome vizuri: duka lilijaa wateja, taa ziliwaka, picha ilikuwa nzuri. Shida ilikuwa nyuma ya rafu, pale picha haifiki.

Niseme na yangu. Kisha kumaliza licence, mimi na wenzangu wawili tulifuga kuku 200 wa mayai kwenye barabara ya Buta. Alimentation moja ya ku centre-ville, sitaitaja, ilikubali kuchukua plato 20 kila juma. Tulifurahi sana, tulijiona tumeingia ndani ya uchumi wa kweli. Malipo, mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukafika, patron alikuwa safarini. Mwezi wa pili, mhasibu alikuwa mgonjwa. Lakini kuku hajui mhasibu: mahindi, soya na konsantre vilinunuliwa kesh kila juma. Mwezi wa tatu tukaanza kuuza kuku ili tulishe kuku. Tulipolipwa, ilikuwa nusu, kwa franka, wakati konsantre inahesabiwa kwa dola na taux imesha panda.

Plato zilizobaki tulikuwa tunampa mama mmoja wa Marché central. Yeye pia alichukua kwa deni: plato tano siku ya kwanza, analipa Alhamisi. Hakuwa na fakture wala tampon. Alilipa kwa sababu Alhamisi alitaka plato zingine tano, na kwa sababu tulikuwa tunaonana uso kwa uso. Yule mama hakuwa mtakatifu. Alibishana bei mpaka jasho. Lakini hakuwa na nguvu ya kutungojesha, na sisi hatukuwa na nguvu ya kumwibia. Ile usawa ya uzaifu, batu wawili maskini wanaohitajiana, njo iliokoa kuku wetu wa mwisho.

Sasa nisiwe mwongo. Soko letu lina makosa yake, na wanaolisifu bila kuangalia hawajawahi kununua mchele pale. Kopo limebonyezwa chini, kipimo kinapungua bila bei kupungua. Karanga zinalala ndani ya unyevu mpaka kuvu inaingia, na aflatoksini haina harufu. Mihogo na ndizi zinaoza njiani. Bamama wanalipa tiketi asubuhi, tiketi mchana, na bado wanauzia chini. Supamaketi ingeleta mizani, tarehe juu ya pakiti, na bei iliyoandikwa ambayo ni moja kwa profesa na kwa mtu wa toleka. Hayo ni mambo ya kweli, na nayataka.

Lakini tuhesabu pia itakula nini. Kinshasa iko mbali karibu kilomita 1,700 kwa mto. Bunia ni kama kilomita 700 kwa RN4, na munajua ile barabara wakati wa mvua, na munajua usalama wake. Kituo cha umeme cha Tshopo ni cha zamani, delestage tunaishi nayo. Chumba cha baridi kitakuwa juu ya jenereta na mazutu. Duka la namna ile, kama halina mpango na wakulima wa hapa, litauza vitu vinavyovumilia safari: tomati ya kopo, maziwa ya unga, biskuti. Litaitwa maendeleo, na mpunga wa Bengamisa utabaki kando ya barabara. Yangambi, kilomita kama 100 kutoka hapa, walikuwa wanatafiti mpunga na ndizi tangu wakati wa Wabeleji. Itakuwa haya kubwa tukifungua supamaketi ili tuuze mchele wa Asia.

Wengine watajibu: basi duka liwe la Wakongomani. Bandugu, tulisha jaribu. Novemba 1973 Mobutu alitangaza zaïrianisation. Maduka ya wageni, na hapa Kisangani Wagiriki walikuwa mingi, yakapewa wenyeji. Waulizeni wazee: wengi waliopewa waliuza stoki, hawakununua ingine. Pasipoti ya mwenye duka haijazi rafu. Kinachojaza rafu ni kumlipa aliyeleta ili arudi.

Kwa hiyo swali langu kwa yule ndugu wa picha ni hili: siku wakikuja kukata utepe, tutakuwa tumeandika nini mbele? Mimi ningeweka mambo matatu. Moja: bidhaa inayooza ilipwe ndani ya siku 14, na iandikwe ndani ya mkataba. Mbili: hakuna kulipia nafasi ya rafu. Tatu: kuwe na ofisi hapa mjini inayopokea malalamiko ya mleta bidhaa. Sheria ya kuanzia iko. Ile ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani. Wakenya hawakulindwa na wema wa Carrefour. Walilindwa na muuza yogati aliyekubali kulalamika, na mamlaka iliyokubali kusikiliza.

Na sisi ma-agronomi tuache kukaa paka na diplome tukingoja duka lituajiri ku caisse. Mkulima mmoja wa PK 25 hawezi kukataa siku 90. Wakulima 40 wenye ghala moja, mizani moja na saini moja wanaweza. Hiyo kazi haihitaji Carrefour ikuje kwanza. Hata bamama wa Marché central watafurahi wakikuta mzigo umepimwa.

Picha ya Kampala ni nzuri, sikatai. Ila mara ingine, ndugu, utupigie na picha ya mlango wa nyuma, pale kamiyo zinashusha mzigo. Muulize dereva alilipwa siku gani. Akijibu vizuri, mimi njo nitakuwa wa kwanza kuweka moyo.