Power Up: mchezo uliolipa kwa sekunde

FIRST, taasisi aliyoianzisha Dean Kamen nchini Marekani mwaka 1989, huwatungia wanafunzi wa sekondari mchezo mpya wa roboti kila mwaka. Wa 2018, Power Up, nauona kuwa miongoni mwa iliyotungwa kwa akili zaidi, kwa sababu pointi zake nyingi zilitokana na muda.

Timu tatu zilishirikiana dhidi ya tatu, nyekundu kwa buluu, kwa dakika mbili na nusu. Katikati ya uwanja ilisimama mizani kubwa. Kila upande ulikuwa na mizani yake ndogo, swichi. Roboti zilibeba kreti za maziwa zilizovishwa kitambaa cha njano na kuzipakia kwenye sahani za rangi yao. Mizani ikikuinamia, unavuna pointi 1 kila sekunde. Swichi yako nayo ikikuinamia, unaongeza nyingine.

Sasa tazama hesabu. Mizani ikishainama, kreti ya ziada haikuongezei pointi, inakukinga tu. Mpinzani aliyezidiwa kreti moja anahitaji moja ya kusawazisha, na hapo halipwi mtu, kisha ya pili ya kuinamisha. Muda wote anaohangaika kuifuata ya kwanza, wewe unavuna.

Ndiyo maana sekunde 15 za mwanzo zilikuwa na uzito mkubwa. Roboti zilijiendesha zenyewe, na kila sekunde ya umiliki ililipa pointi 2. Rangi za sahani zilipangwa kwa bahati nasibu, na mechi ilipoanza tu roboti ilipokea herufi tatu, tuseme LRL: swichi ya karibu kushoto, mizani kulia, swichi ya mbali kushoto. Programu ilibidi isome herufi hizo na kuchagua njia papo hapo. Isiyozisoma iliweza kupakia kreti kwenye sahani ya wapinzani na kuwapa pointi.

Baada ya hapo madereva walishika usukani, na swali likawa roboti yenye nguvu iende wapi. Kwenye swichi ya wapinzani hupati kitu. Unawazuia tu, yaani tofauti ya pointi 1 kwa sekunde. Ukiwanyang'anya mizani, wao wanakosa 1 na wewe unapata 1. Kwa hiyo roboti bora ilistahili kuwa kwenye mizani, na ya kawaida kulinda swichi au kupeleka kreti kwa watu wa timu waliosimama ukingoni, kila moja pointi 5.

Kisha sekunde 30 za mwisho. Kujining'iniza kwenye mnara wa mizani kulilipa pointi 30, sawa na nusu dakika ya kuimiliki. Hapo kreti za kinga zikaonyesha thamani yake: aliyerundika za kutosha mapema aliweza kuiacha mizani na kwenda kupanda, huku pointi zikiendelea kuingia. Kati ya kreti zilizopelekwa ukingoni, tatu zilizowekwa akiba mahali pake ziliihesabia roboti moja kuwa imepanda, hata kama haikunyanyuka. Wenzake wawili wakipanda kweli, muungano ulijiongezea pointi moja ya msimamo, hata ukishindwa mechi.