Uaminifu wa Baharia katika "Kisiwa Chenye Hazina"

Uaminifu ni neno zuri, na kama yalivyo maneno mazuri yote, huazimwa hata na watu wabaya. Mwizi hutaka mwenziwe amwamini, na haramia hudai utii wa mabaharia wake kwa ukali kuliko nahodha wa haki. Kwa hiyo msomaji akutanapo kitabuni na mtu aliye mwaminifu, yampasa aulize swali moja kabla hajamsifu: mwaminifu kwa nani?

Swali hili halikunijia baharini wala pwani, bali Kinoo, magharibi ya Nairobi, kando ya barabara kuu iendayo Naivasha na Nakuru. Kutoka hapo hata Mombasa ni zaidi ya kilomita 480, na wengi katika wanafunzi wangu walikuwa hawajaiona bahari. Tulikuwa tumemaliza kusoma Kisiwa Chenye Hazina. Mvulana mmoja aliinuka akasema, "Mwalimu, yule Dick kosa lake ni lipi? Alichagua upande wake, akakaa nao mpaka mwisho. Huo si uaminifu?" Wenziwe walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu tayari. Insha hii ni jibu lililochelewa.

Hadithi yenyewe ilitungwa na Robert Louis Stevenson wa Uskoti. Ilitoka sehemu kwa sehemu katika gazeti la vijana mwaka 1881 na 1882, ikawa kitabu mwaka 1883. Tafsiri ya Kiswahili, ambayo Frederick Johnson alishughulika nayo, ilichapwa mwaka 1929. Kijana Jim Hawkins anapata ramani ya kisiwa ambako haramia Flint alizika mali. Bwana Trelawney, mtu mwenye fedha nyingi na ulimi usiotulia, ananunua merikebu iitwayo Hispaniola, na kwa upumbavu wake anamwacha mpishi wa mguu mmoja, Long John Silver, amsaidie kuchagua mabaharia. Silver alikuwa mtu wa Flint zamani. Siri inapofichuka, katika watu 26 waliomo merikebuni ni 7 tu wawezao kutegemewa, na mmoja wao ni huyo mtoto Jim.

Katika kundi hili mwandishi ametuwekea mabaharia watatu wanaofaa kulinganishwa. Majina yao hayakumbukwi sana, kwa kuwa Silver huyameza macho ya msomaji. Lakini mafunzo makubwa ya kitabu yamo katika maisha yao.

Wa kwanza ni Tom. Kisiwani Silver anambembeleza ajiunge na maasi. Mara kilio cha mtu anayeuawa kinasikika kutoka kinamasini: ni baharia Alan, naye alikataa. Tom sasa anajua bei ya jibu lake. Hata hivyo anakataa, anampa Silver mgongo, na kuanza kutembea kuelekea pwani. Silver anamtupia gongo lake, linampiga mgongoni, kisha anamrukia na kumchoma kisu mara mbili. Tom hakuwa na fungu katika hazina wala hakuahidiwa lolote. Alilinda kitu kimoja, nacho ni neno alilolitoa alipoandikwa kazi.

Wa pili ni Abraham Gray, msaidizi wa seremala. Huyu si shujaa tangu mwanzo. Waasi walikwisha kumvuta, na alikuwa pamoja nao merikebuni siku ile nahodha Smollett alipokuwa akiondoka kwa mashua. Nahodha anamwita kwa jina lake, anamwambia kuwa anamjua kuwa mtu mwema, na anampa nusu dakika tu ya kuamua. Yanasikika makelele ya kupigana. Kisha Gray anatokea mbio, ana jeraha la kisu shavuni, anaingia mashuani. Gray atufundisha kuwa mlango wa kurudi waweza kuwa mwembamba na wenye visu, lakini ni mlango.

Wa tatu ni Dick, na hapa ndipo lilipo swali la mwanafunzi wangu. Dick ni mdogo kuliko mabaharia wote. Jim, aliyejificha ndani ya pipa la matofaa, anamsikia Silver akimsifu Dick kwamba ni kijana, lakini ana akili kama mtu mzima. Jim anaona uchungu moyoni, maana maneno hayo hayo aliambiwa yeye. Tazama ustadi wa mwandishi. Hatuelezi kuwa Silver ni mlaghai. Anatusikilizisha sifa moja ikiuzwa kwa wanunuzi wawili. Na mara tu Dick anapokubali, tazama kazi anayopewa: anatumwa kuleta ulevi, huku akionywa kuwa kiasi kilichomo katika kipipa kimepimwa. Mtu aliyesifiwa kwa akili dakika moja iliyopita sasa ni mtumwa wa kubeba kikombe, na wala haaminiwi.

Baadaye waasi wanataka kumwondoa Silver katika uongozi, na kwa desturi yao humpelekea karatasi yenye alama nyeusi. Karatasi inakatwa katika Biblia ya Dick. Silver anamwambia kuwa amejiletea nuksi, na tangu saa ile kijana hana raha. Anaugua homa, anatembea na kitabu chake kilichoraruliwa, lakini haondoki. Mwisho wake ni huu: Dick na wenziwe wawili wanaachwa kisiwani. Wanapiga magoti mchangani, wanainua mikono wakiomba wachukuliwe, na Hispaniola inapita. Silver je? Silver yumo ndani ya Hispaniola. Amekwisha kujigeuza rafiki wa upande ulioshinda, na katika bandari ya kwanza anatoroka na mfuko wa fedha.

Basi kosa la Dick si kukosa uaminifu. Alikuwa nao, na pengine kuliko wenziwe. Kosa lake ni kumpa mtu asiyeulipa. Kitabu kinatuonyesha jambo hili kwa mfano wa kutisha zaidi katika njia ya kuiendea hazina. Flint aliteremka kisiwani na mabaharia 6 kwenda kuzika mali, akarudi peke yake. Wote 6 aliwaua ili siri iwe yake. Mmoja wao alimlaza chali, amenyosha mikono juu ya kichwa, ili mifupa yake iwe dira ya kuonyesha mahali pa hazina. Huyo ndiye baharia mwaminifu wa haramia: alitii amri, alichimba shimo, na nahodha wake akamfanya alama ya njia.

Mlinganishe na mzee Redruth, mtumishi wa Bwana Trelawney, aliyepigwa risasi ngomeni. Bwana wake anapiga magoti kando yake, analia na kumwomba msamaha. Uaminifu wa kweli una njia mbili: mdogo humtumikia mkubwa, na mkubwa huona haya na uchungu mdogo anapoumia kwa ajili yake.

Hata hivyo kitabu hakikosi dosari. Mwandishi anampenda Silver mno. Tom anapewa kurasa chache, hana nyumba wala jamaa. Yaonekana aliletwa ili afe, tupate kujua ukatili wa Silver. Gray hupewa mistari michache mwishoni: aliweka akiba, akasoma kazi yake, akawa msaidizi wa nahodha na mwenye sehemu katika merikebu, na mtu mwenye mke na watoto. Tena mwandishi haulizi fedha ile ni ya nani. Iliporwa kwa damu, na wale tunaowaita wema wanaigawana bila kusita. Mwanafunzi mwenye macho hana budi kuliona hilo.

Mtu asidhani kuwa haya ni mambo ya hadithi tu. Mwaka 1697 William Kidd alipitia visiwa vya Komoro katika safari iliyomfikisha kwenye kitanzi London, tarehe 23 Mei 1701. Pamoja naye alinyongwa baharia Darby Mullins, aliyejitetea kuwa alitii tu amri za mkubwa wake. Watumishi watatu waliachiliwa kwa kuwa walikuwa chini ya mabwana zao. Mullins, baharia aliyejiandikisha mwenyewe, utetezi huo haukumfaa. Na mwaka 2006 mahakama ya Mombasa iliwahukumu Wasomali 10 kifungo cha miaka 7 kila mmoja kwa uharamia, baada ya kukamatwa baharini na manowari ya Marekani. Waliosimama kizimbani ni wale waliokuwa chomboni. Anayepanga na kugawa fedha aghalabu hukaa mbali na bahari.

Wala hapana haja ya bahari. Hata Kinoo, kwenye kituo cha magari jioni, yuko Silver fulani anayemwambia kijana wa shule kuwa ana akili kuliko wenziwe, na kwamba kazi anayompa ni ndogo tu: apeleke kifurushi, asimame pembeni akilinda. Sifa ni zile zile, na hakika zimekwisha kusemwa kwa mwingine.

Yule mvulana aliyeuliza swali alikuwa amesoma vizuri kuliko nilivyofundisha. Aliona kuwa Dick ana fadhila, naye alitaka kujua kwa nini fadhila hiyo ilimpoteza. Leo ningemjibu hivi: usimpime kiongozi kwa maneno anayokuambia siku ya kukuita. Uliza walio wapi wale waliomtumikia kabla yako. Mabaharia wa Flint wangaliuliza swali hilo kabla ya kushika majembe, yamkini wangalirudi merikebuni.